Ritani Ikigoma: Jua Kwanza Shida Iko Wapi, Ndipo Utafute wa Kukusaidia

Kuanzia katikati ya Juni, saiba za Tom Mboya na River Road jijini Nairobi, na zile za mitaani kutoka Githurai hadi Kayole, hujaa watu ambao ritani zao za KRA (Mamlaka ya Ushuru ya Kenya), yaani taarifa za mwaka za mapato na kodi, zimegoma. Kuna aliyesahau nenosiri. Kuna ambaye Excel imekataa kabisa kufungua fomu. Na kuna aliyejaza kila kitu, kisha mfumo ukamwambia anadaiwa shilingi elfu thelathini na ushei, ilhali kila mwezi mwajiri humkata kodi kabla hata hajauona mshahara. Wote hupanga foleni kwa mhudumu mmoja, na hapo ndipo mambo huanza kuharibika, kwa sababu hizo ni shida tatu tofauti na kila moja ina mtu wake.

Mhudumu wa saiba anaweza kulifungua faili lililokataa. Hawezi kujua kwa nini P9, karatasi ya mshahara na kodi ya mwaka uliyopewa kazini, ina mapengo. Hilo ni la mhasibu wa mwajiri wako. Mhasibu naye hana uwezo wa kukurudishia akaunti iliyofungwa. Hilo ni la KRA yenyewe. Ukishajua kama umekwama mlangoni, kwenye faili au kwenye hesabu, utajua wa kumwendea, na mara nyingi utakuta huhitaji kumlipa mtu yeyote.

Sheria yenyewe ni fupi. Ukiwa na PIN (namba ya mlipa kodi) iliyosajiliwa kwa kodi ya mapato, unatakiwa kuwasilisha ritani kila mwaka, uwe umepata pesa au hukupata. Mwaka wa kodi wa mtu binafsi huanza Januari 1 na kuisha Desemba 31, na ritani yake hufika KRA kabla Juni 30 ya mwaka unaofuata haijapita. Mapato ya 2025, basi, hujazwa 2026. Ukichelewa, faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, yoyote iliyo kubwa. Wanafunzi wa vyuo huumia sana hapa. Walichukua PIN ili waombe mkopo wa masomo wa HELB, wakaisahau, na wanapomaliza masomo na kutafuta cheti cha kutodaiwa ushuru ili waombe kazi, wanakuta faini za miaka yote zikiwasubiri. Mwanafunzi asiye na kipato hujaza ritani ya nil, na kazi hiyo huisha kwa dakika chache, hata kwa simu isiyo na intaneti ukipiga *572#.

Lakini nil ni ya asiyekuwa na kipato tu. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ndilo kosa linaloniumiza kuliko yote. Mhudumu mwenye haraka anakuuliza, "Madam, nikuwekee nil tuharakishe?" Unakubali, unalipa, unaondoka na stakabadhi mkononi ukidhani umemaliza. Wakati huo huo mwajiri wako amekuwa akipeleka KRA orodha ya kila mwezi yenye PIN yako, mshahara wako na kodi aliyokukata. Umetangaza kwamba hukupata hata shilingi, na mfumo huo huo una rekodi za miezi kumi na miwili zinazokupinga. Kama limeshakutokea, dawa ipo: ingia kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, uwasilishe ritani ya marekebisho ya mwaka huo. Sheria inaruhusu kurekebisha ndani ya miaka mitano, na ni heri ufanye hivyo kabla hujaulizwa.

Mlangoni

Kuingia kwenye iTax kunahitaji PIN, nenosiri na jibu la hesabu ndogo ya kujumlisha au kutoa ambayo mfumo huuliza. Ukisahau nenosiri, utatumiwa jipya kwa baruapepe. Basi shida kubwa ya mlangoni huwa baruapepe yenyewe. Watu wengi walichukuliwa PIN zao na mtu wa saiba miaka iliyopita, naye akaweka anwani yake au akaunda mpya papo hapo ambayo leo hakuna anayeikumbuka. Kila mara ukiomba nenosiri, linakwenda usikokujua.

Hapa usipoteze pesa kwa mtu anayedai ana "njia ya ndani". Chukua kitambulisho chako halisi uende Huduma Centre yenye dawati la KRA, iwe ile ya GPO katikati ya jiji, Makadara, Eastleigh au Kibra, au uende makao makuu ya KRA, Times Tower kwenyewe. Watathibitisha kwamba wewe ndiwe mwenye PIN, kisha wabadilishe baruapepe. Ukipenda kuuliza kwanza kabla ya kupanda matatu, laini ya KRA ni 0711 099 999. Nenda Februari au Machi. Juni utaikuta foleni imezunguka jengo.

Ukishaingia, kabla ya kitu kingine chochote, fungua wasifu wako uangalie PIN yako imesajiliwa kwa kodi gani. Kodi ya mapato ya mkazi ndiyo ya kawaida kwa mwajiriwa. Lakini utakuta mwenye duka la chipsi Umoja alisajiliwa pia kwa VAT, au kwa ushuru wa mauzo (turnover tax) ambao ritani yake hutakiwa kufikia tarehe 20 ya kila mwezi, bila yeye kujua. Kila mwezi anaonyamaza, faini nyingine huingia. Mtu kama huyo anaweza kujaza ritani yake ya mwaka vizuri miaka nenda miaka rudi na bado deni likawa linapanda. Wajibu usiokuhusu huondolewa kwa maombi, na maombi hayo huanzia hapo hapo kwenye iTax.

Faili lililokataa

Ikiwa mshahara ndio kipato chako pekee, huenda usihitaji faili lolote. iTax ina ritani ya wenye kipato cha ajira pekee, ambayo hujazwa moja kwa moja kwenye mtandao na hukuletea tarakimu alizopeleka mwajiri wako. Kazi yako ni kuzilinganisha na P9 mstari kwa mstari. Inasikitisha kuona mwajiriwa wa kawaida akihangaika na fomu ndefu ya Excel isiyomhusu.

Fomu hiyo ndefu ni ya mwenye kipato kingine: biashara, kazi za ushauri, au kijana anayewaandikia wateja wa ng'ambo kwa kompyuta yake akiwa Roysambu. Wewe uliye kwenye kundi hilo, tarajia vikwazo vya kawaida. Faili hupakuliwa likiwa limebanwa. Usilifungue likiwa bado ndani ya bahasha yake ya zip, litoe kwanza. Kisha kuna makro, yaani programu ndogo iliyomo ndani ya faili ambayo ndiyo hufanya hesabu na ukaguzi. Bila makro, fomu ni karatasi tu. Excel huonyesha utepe wa njano juu wenye neno "Enable Content", nawe hulibofya. Ila tangu 2022 Microsoft imekuwa ikizuia makro za mafaili yanayotoka mtandaoni, hivyo badala ya utepe wa njano unaweza kukuta mwekundu usio na ruhusa yoyote. Watu hudhani fomu imeharibika, wakaipakua tena mara tano. Funga faili, libofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nenda "Properties", na chini kabisa utaona kisanduku cha "Unblock". Kiteue, hifadhi, fungua upya.

Kwenye simu makro hizo hazifanyi kazi, kwa hiyo usijaribu. Tarehe ziandikwe siku, mwezi, mwaka. Kompyuta iliyowekwa mtindo wa Marekani hugeuza 05/11 ikawa Mei. Kiasi cha pesa kiandikwe bila koma na bila neno KSh. Ukimaliza, bofya "Validate". Kama kuna kosa, fomu hukuonyesha orodha ya makosa na mahali kila moja lilipo, na hiyo orodha isomwe yote kabla ya kugusa kitu, kwa sababu kosa moja la juu, kama PIN ya mwajiri iliyokosewa herufi ya mwisho, linaweza kuzaa mengine. Kila kitu kikikubalika, fomu hutengeneza faili jipya la zip. Hilo ndilo la kupandisha, lilivyo, bila kulifungua na bila kulibadilisha jina.

Stakabadhi isipojitokeza mwishoni, mara nyingi brauza ndiyo imezuia dirisha lake. Usiwasilishe mara ya pili. Ndani ya iTax kuna mahali pa kuchapisha stakabadhi upya.

Hesabu

Sasa tufike kwenye yale yanayowanyima watu usingizi, ambayo kompyuta haina hatia ndani yake.

P9 ni karatasi anayokupa mwajiri mwaka unapoisha, yenye mistari ya Januari hadi Desemba: mshahara, makato, kodi. Ukijaza mshahara wote kwenye sehemu ya ajira na kodi uliyokatwa kwenye sehemu yake, kisha ukasahau makato yaliyopunguza kipato kinachotozwa, mfumo utakutoza kodi juu ya pesa ambazo hazitozwi. Chukua mtu wa mshahara wa 100,000 mwezi Machi 2025. NSSF (hifadhi ya jamii) 4,320, ada ya nyumba 1,500, SHIF (bima ya afya) 2,750. Kipato chake cha kutozwa kodi ni 91,430. Akijaza 100,000 na kuiacha ile 8,570, ataonekana anadaiwa asilimia 30 yake, yaani zaidi ya shilingi 2,500 kwa mwezi mmoja. Ukizidisha kwa mwaka, hiyo ndiyo ile elfu thelathini na ushei iliyomtoa mtu jasho saiba. Hakuna anayemdai. Amesahau visanduku vitatu kwenye ukurasa wa kukokotoa kodi.

Mkanganyiko huu ulizidi kwa sababu sheria zilibadilika zikifuatana. Ada ya nyumba ilipoanza upya Machi 2024, mlipaji alipata nafuu ya asilimia 15 ya ada aliyokatwa. SHIF ikachukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, Oktoba mwaka huo huo. Kisha tarehe 27 Desemba 2024 sheria mpya ikaifuta nafuu ya ada ya nyumba, na badala yake ada hiyo pamoja na SHIF zikaanza kutolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kuhesabiwa. Kiwango cha michango ya pensheni kisichotozwa kodi nacho kikapanda kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Kwa hiyo ukichukua ritani yako ya 2024 kama kielelezo cha kujazia ya 2025, utapotea. Hata P9 imepata safu mpya. Soma kichwa cha kila safu, usifuate herufi ulizozoea.

Kuna kundi jingine ambalo kweli linadaiwa, nalo halijui. Hili ni la mwenye kazi mbili kwa wakati mmoja. Kodi ya Kenya huenda kwa ngazi: shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, kisha asilimia 30 hadi 500,000. Baada ya hapo kila mkazi hupunguziwa 2,400 kwa mwezi kama nafuu ya kibinafsi, mara moja tu. Sasa fikiria mwalimu ambaye kipato chake cha kutozwa kodi ni 60,000 kwenye shule anayofanya kazi, na jioni anafundisha chuo kingine kwa 20,000. Shule inamkata 10,383. Chuo kinahesabu asilimia 10 ya 20,000, kinapata 2,000, kinatoa nafuu ya 2,400, na hakimkati chochote. Yeye anafurahi. Lakini mapato yake ni 80,000, na kodi ya 80,000 baada ya nafuu ni 16,383. Kila mwezi pamepungua shilingi 6,000. Ritani ya mwaka inapounganisha kazi zote mbili, deni linatokea mara moja: 72,000.

Hakuna mhudumu, mhasibu wala afisa atakayelifuta deni hilo, kwa sababu ni halali. Anayekuambia "tutoe tu hiyo kazi ya pili isionekane" anakuweka pabaya, maana chuo kimeshapeleka jina lako. Kinachosaidia ni kumwandikia mwajiri wa pili mapema, Januari ikianza, kwamba nafuu yako tayari inatolewa kwingine, ili akukate kinachostahili kila mwezi.

Wenye kazi za ushauri wana mtego unaofanana. Mteja anakukata asilimia 5 kwenye malipo ya kitaalamu na kuipeleka KRA, nawe unadhani kodi imeisha. Haijaisha. Hiyo ni sehemu tu, inayohesabiwa kama uliyokwisha kulipa unapojaza ritani. Gharama za kazi unaruhusiwa kuzitoa, ila tangu Januari 2024 gharama hutakiwa iwe na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Risiti ya kuandikwa kwa mkono haitoshi.

Upande wa pili, kuna haki ambazo watu huziacha. Kama unalipia bima ya maisha au ya afya mwenyewe nje ya mshahara, una nafuu ya asilimia 15 ya malipo hayo, isiyozidi 60,000 kwa mwaka, mradi upate cheti kutoka kwa kampuni ya bima. Mwenye ulemavu aliye na cheti cha msamaha hatozwi kodi kwenye 150,000 za kwanza za kila mwezi, lakini lazima namba ya cheti iingizwe na cheti kiwe hakijaisha muda.

Na vipi ikiwa P9 yako inaonyesha ulikatwa kodi, lakini tarakimu zinazoletwa na iTax ni pungufu au hazipo? Hapo ama mwajiri hakupeleka orodha ya mwezi fulani, ama alikosea PIN yako. Usibadilishe tarakimu ili zikubaliane na mfumo. Mwandikie mhasibu, taja mwezi, ambatanisha payslip, umtake arekebishe orodha aliyopeleka KRA. Jukumu la kukata na kuwasilisha kodi ya mshahara ni la mwajiri kisheria. Asipojibu, beba P9, payslip na taarifa ya benki uende KRA. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sheria yenyewe inataka kumbukumbu hizi zitunzwe miaka mitano.

Ukibaki na deni la kweli, iTax hukutolea namba ya malipo, PRN, ambayo unaitumia kama akaunti kwenye M-Pesa kupitia paybill 222222 au benki. Wengi hawajui kwamba kodi iliyobaki ilitakiwa iwe imelipwa kufikia Aprili 30, ingawa ritani ina muda hadi Juni 30. Baada ya Aprili kuna asilimia 5 ya kuchelewa kulipa na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Deni la shilingi chache linalotokana na kukadiria senti nalo lilipe, maana linaweza kukuzuilia cheti cha kutodaiwa ushuru siku unapokihitaji.

Alama ya kutoa mbele ya kiasi cha mwisho ina maana kinyume: ulilipa zaidi. Hutokea sana kwa walioacha kazi katikati ya mwaka, kwa kuwa ngazi zinahesabiwa kwa miezi kumi na miwili nao walikatwa kana kwamba wangefanya kazi yote hiyo. Pesa hizo hazirudi zenyewe. Kuna maombi ya kurejeshewa ndani ya iTax, yanayojazwa peke yake baada ya ritani, na KRA huweza kutaka vielelezo kabla ya kuyakubali.

Mwisho, kama umejaziwa na mtu mwingine, badilisha nenosiri siku hiyo hiyo, na uhakikishe baruapepe na namba ya simu zilizo kwenye wasifu ni zako.